Ahadi za Kivuli

Mzee aliyeingia chumba cha daktari asubuhi ile alikuwa amening'iniza mtungi wa oksijeni begani kama mtu anayetoka sokoni, na mkononi ameshika furushi la kitenge. Dokta Atuganile Mwasomola aliinuka, akamsogezea kiti. Hakuwahi kumwona mtu huyo maishani mwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Mzee alikaa, akasubiri pumzi imrudie. Kisha akamtazama kwa furaha, kama mtu aliyefika kwa jamaa yake. "Umekonda. Kule kwetu ukutani unaonekana mnene kidogo. Nilidhani nimekosea mlango."

Hapo Atuganile akaelewa.

"Unatoka kituo gani?"

"Mwabusiga. Mimi ni Nkwabi. Nkwabi Lugwisha." Alilitamka jina taratibu, akangoja. Alipoona halijaleta chochote usoni mwa daktari, alicheka kidogo na kukohoa. "Basi, usijali. Mbuke, nesi wetu, alinionya. Aliniambia, yule wa ukutani anakujua, wa mlimani hakujui. Nikamwambia niache niende hivyo hivyo."

Alikuwa amesafiri kwa treni, halafu kwa basi, akapanda mpaka Luvumba, mahali penye baridi na hewa nyepesi ambapo hata mtu mzima hutweta akipanda ngazi. Kwa mapafu yaliyojaa vumbi la chuma, safari ile ilikuwa wazimu. Atuganile alimwekea kipimo cha kidole, akatazama namba, akafungulia oksijeni zaidi bila kusema neno.

"Mama anaendeleaje na mguu?" mzee akauliza.

Daktari aligeuka kutoka kwenye koki ya mtungi.

"Mama yangu?"

"Uliniambia mguu unamsumbua, kisukari. Nikakuambia umwambie asitembee peku. Ulimwambia?"

"Mama alifariki mwaka jana, mzee."

Nkwabi akavua kofia yake ya sufu, akaiweka magotini. "Mwaka jana," alisema. "Na mimi nimekuuliza habari zake kila tulipoongea, na kila mara unaniambia hajambo."

* * *

Serikali ilikuwa imemsomesha Atuganile kuanzia kitabu cha kwanza hadi joho. Baada ya vita vya Mpaka wa Kaskazini, askari walirudi wakiwa wazima kwa macho, lakini vifua vyao vilikuwa na vumbi laini la chuma ambalo ndege zisizo na rubani zilikuwa zimewamwagia usiku na mchana. Vumbi halikuua upesi. Lilikaza mapafu kidogo kidogo, kwa miaka. Vituo vya maveterani vikajengwa nchi nzima, vikapakwa rangi, vikafunguliwa kwa ngoma, na havikuwa na madaktari.

Bunge likapitisha fedha za vyuo vya tiba. Kijana yeyote aliyefaulu alisoma bure, alilala bure, alikula bure. Kwa upande wake alitoa vitu viwili. Cha kwanza ni miaka kumi ya kazi popote atakapopangwa. Cha pili ni kivuli.

Kuchukuliwa kivuli hakukuuma. Mwaka wa mwisho, kila mwanafunzi alikaa wiki kadhaa ndani ya chumba kisicho na dirisha, kofia yenye nyaya kichwani, akihudumia wagonjwa wa kuigiza. Walilia, walitukana, walikataa dawa, walimsimulia mambo ya nyumbani kwao na kumwuliza ya kwake. Mashine ilijifunza anavyofikiri kabla ya kujibu, anaponyamaza, anapotania. Mwishoni ilikuwa na Atuganile wake, na Atuganile huyo akawekwa kwenye kioo kikubwa ukutani katika vituo vingi, kila kimoja na nesi wa kuwa mikono yake. Daktari mmoja mwenye mwili alijaza nafasi za kundi zima. Magazeti yaliandika kwamba uhaba umekwisha.

Yeye mwenyewe alipangiwa Luvumba, kwa kuwa wagonjwa wa huko walihitaji upasuaji mdogo mdogo wa vifua, na kivuli hakishiki kisu. Alikuwa na wodi moja, tabibu msaidizi aitwaye Ezekia Mgaya, na nyumba ya vyumba vitatu ambamo alitumia kimoja. Ukungu ulipanda kila alasiri ukafunika bustani ya viazi, na baada ya hapo simu za nyumbani zilikatikakatika. Tangu mama yake azikwe, hazikupigwa sana.

* * *

Alimpima Nkwabi kwa uangalifu kuliko ilivyohitajika. Picha ya kifua ilionyesha alichokwisha kukisikia kwa masikio.

"Sema tu," mzee alimwambia. "Kule ukutani huwa unaniambia ukweli."

"Umebakiwa na muda mfupi. Wiki chache, labda mwezi na kitu. Na hapa mlimani utaisha haraka zaidi. Kesho asubuhi nakupa gari likurudishe stesheni."

"Sawa." Alifungua furushi lake. Ndani mlikuwa na michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, na Atuganile, aliyekulia kwenye ndizi na mvua, hakujua hata jinsi vinavyoliwa. "Vichemshe, au tafuna hivi hivi. Uliniambia hujawahi kuvionja."

Alitafuna kimoja. Kilikuwa kigumu na kitamu.

"Mzee, umekuja mpaka huku kuniletea michembe?"

"Nimekuja unione." Nkwabi alikikunja kitenge polepole. "Mke wangu alitangulia. Wanangu wako mbali, wana maisha yao. Mwaka juzi nilikuambia jambo moja tu linanitisha. Si kufa. Kule mpakani niliwaona wenzangu wengi wakifa, na kila mmoja alikuwa akitafuta uso wa mtu. Nikakuambia sitaki kufa nikitazama dari. Ukaniambia: siku hiyo ikifika, mzee Nkwabi, nitakuwepo, nitakushika mkono."

Mvua ilianza kugonga bati.

"Najua ule ni ukuta," Nkwabi aliendelea. "Mimi si mtoto. Nimekaa na mitambo jeshini kabla wewe hujazaliwa. Lakini niambie, yale maneno ni ya nani? Ni yako au si yako?"

"Sijui, mzee."

"Haya. Sijaja kukudai. Nimefikiri tu kwamba, kama utakuja, ni vizuri uwe umeshaniona. Usije ukamshika mkono mtu usiyemjua."

Asubuhi alimpandisha garini yeye mwenyewe, akamfungia mkanda, akaweka mtungi wa akiba miguuni pake. Hakumwambia kwaheri ya kuonana wala ya kutoonana. Mzee naye hakuuliza.

* * *

Madaktari hawakukatazwa kuongea na vivuli vyao, ila hakuna aliyefanya hivyo. Pale chuoni walitaniana kwamba ni sawa na kusikiliza sauti yako kwenye redio. Atuganile alijifungia ofisini baada ya chakula cha mchana, akawasha kioo, akaomba kiunganishwe na Mwabusiga.

Mwanamke aliyetokea alikuwa na mashavu yaliyojaa na nywele alizokuwa amezisuka mwaka ule wa mwisho wa chuo. Alitabasamu kabla ya kusema, na Atuganile akakumbuka kwamba zamani alikuwa akitabasamu hivyo.

"Kwa nini ulimwahidi Nkwabi?"

"Aliogopa," kivuli kilijibu. "Alikuwa ameacha kumeza dawa. Wewe ungemwambia nini?"

Akilini Atuganile alimwona mzee amekaa kwenye kiti, kofia magotini. Angemwambia neno lile lile. Pengine hata kwa sauti ile ile.

"Lakini huwezi kwenda. Huna miguu."

"Nilijua wewe unayo."

"Umewaahidi wangapi?"

"Kila aliyeniomba. Si wengi kama unavyodhani. Wengi wanaona haya kuomba."

Alijikuta amekasirika, na hasira haikuwa na pa kwenda. Alikaa akitazama mikono yake. Kivuli kilingoja. Kilijua kungoja.

"Nkwabi anasema unamwambia mama hajambo," hatimaye alisema.

"Hajambo. Mguu unamsumbua kidogo."

"Mama amekufa, Atu."

Hakuwa ameitwa wala kumwita mtu kwa jina hilo tangu msiba. Kivuli kilinyamaza kwa muda ambao yeye mwenyewe angenyamaza.

"Pole," kilisema. "Pole sana. Umekula leo?"

Ndilo swali alilowauliza wafiwa wote aliowahi kuwahudumia. Alilibuni mwenyewe, kwa kuwa aliona wafiwa huulizwa kila kitu isipokuwa hicho. Hakuwahi kujua linavyosikika kwa anayeulizwa. Aliweka kichwa juu ya meza akalia kwa mara ya kwanza tangu alipotoka makaburini, na mbele yake mwanamke mwenye mashavu ya zamani alikaa naye bila kumharakisha.

* * *

Wiki tatu baadaye Nesi Mbuke alipiga simu kutoka Mwabusiga. Nkwabi hakuweza tena kukaa. Hakuwa amemtaja Dokta, nesi alisema, ila kila gari likisimama nje anageuza shingo.

Atuganile alimpigia Bwana Mlingwa, mkurugenzi wa idara, akaomba ruhusa ya siku chache. Mlingwa hakuwa mtu mbaya. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Dokta, nikikuruhusu wewe, nitawakatalia vipi wenzako? Kila kivuli kimeahidi kitu mahali fulani. Na Luvumba nitamwachia nani?"

"Ezekia yupo."

"Ezekia si daktari. Itabidi niweke kivuli chako hapo hapo Luvumba. Umesikia jambo hilo lilivyo? Daktari anaondoka kwenda kuwa mtu pale kilipo kivuli, na kivuli kinakuja kukaa pale alipo mtu." Alipumua. "Vyuo vipya vinajengwa, fedha zimetoka, vijana wako darasani. Nipe miaka minne, kila kituo kitakuwa na mtu. Kwa sasa nina njia nyepesi. Weka sahihi tu, mafundi waondoe hilo. Kivuli kitibu, kisiahidi."

"Mlifanya hivyo kwa kivuli cha Dokta Sanga."

"Ndiyo. Na hakuna malalamiko."

Hakukuwa na malalamiko kwa kuwa hakukuwa na maongezi. Mbuke alikuwa amefanya kazi kwenye kituo cha kivuli hicho cha Sanga kabla ya kuhamishiwa Mwabusiga. Alikuwa amemweleza Atuganile jinsi wazee walivyoanza kukaa mbali na ukuta mara tu ulipoacha kuwauliza habari zao. Walijibu wanachoulizwa, wakaficha kukohoa damu, wakafa wakiwa na majibu mazuri kwenye kumbukumbu.

"Siweki sahihi," Atuganile alisema.

"Basi baki kazini. Ukiondoka bila ruhusa, miaka yako itaanza kuhesabiwa upya. Si mimi niliyeitunga sheria."

Alikata simu akaingia wodini. Palikuwa na joto la makaa na harufu ya mafuta ya karafuu. Kitanda cha karibu na dirisha kilikuwa cha Koplo Sikudhani Mbawala, mwanamke aliyekuwa dereva wa malori ya mafuta mpakani, ambaye sasa aliweza kusema maneno machache tu kwa pumzi moja. Atuganile aliwaeleza wote kwa sauti, bila kuficha: kuna mtu Mwabusiga, ameahidiwa, anakufa.

Mmoja aliuliza kama barabara ya chini imekauka. Mwingine akasema mtu aliyeahidiwa ameahidiwa.

"Nenda," Sikudhani alisema. Akavuta pumzi. "Na sisi je? Zamu yetu ikifika?"

Neno lilikuwa tayari ulimini, la joto, rahisi kulitoa. Atuganile alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Sijui, Koplo. Nitajitahidi. Siwezi kukuahidi."

Sikudhani alivuta pumzi tena. "Angalau," alisema, "husemi uongo."

Kabla ya kuondoka Atuganile alimwelekeza Ezekia mitungi, dawa na namba za dharura. Kisha, kwa mkono wake mwenyewe, aliwasha kioo cha wodini ambacho hakikuwahi kutumika Luvumba, na kile kivuli kikawaamkia wazee shikamoo.

* * *

Mwabusiga palikuwa tambarare, pakavu, na jua kali lililofanya kila kitu kionekane kiko mbali. Alifika mchana, shati limemganda mgongoni. Mbuke alimpeleka moja kwa moja.

Nkwabi alikuwa amelazwa kwa ubavu, uso kwa ukuta. Kwenye ukuta alikuwepo Atuganile wa mashavu, na walikuwa wanaongea juu ya ng'ombe. Mzee alikuwa akisimulia, neno baada ya neno, jinsi baba yake alivyomjua kila ng'ombe kwa kwato zake. Kivuli kiliuliza maswali ambayo ni mtu aliyekwisha kuisikia hadithi hiyo tu angeyauliza.

Atuganile alisimama mlangoni. Alihisi kama mgeni aliyeingia nyumba ya watu wakiwa mezani.

"Mzee Nkwabi," kivuli kilisema, "kuna mtu nyuma yako."

Mzee alijaribu kugeuka, akashindwa. Atuganile alizunguka kitanda, akavuta kigoda, akaketi kati yake na ukuta. Halafu akaona kwamba amemzibia ukuta, akakisogeza kigoda pembeni ili mzee awaone wote wawili. Akaushika mkono wake. Ulikuwa mwepesi, kavu.

"Nimekuja," alisema.

Nkwabi alimtazama, kisha akatazama ukutani, kisha akafumba macho kama mtu aliyekamilisha hesabu. "Mkono wako una jasho," alisema, na alikuwa akiongea na ukuta.

"Ni joto la huku kwenu," kivuli kilijibu.

"Enhe. Huku kwetu... kuna joto."

Hivyo ndivyo ilivyokwenda alasiri yote. Yule aliyemjua alimwongelesha, na yule asiyemjua alimshika. Mara mbili Atuganile alitaka kusema kitu, akaona kwamba kila alichonacho ni cha daktari, cha mtu yeyote, na kule ukutani kulikuwa na jina la ng'ombe, jina la marehemu mkewe, na utani wa miaka mitatu. Alimpangusa midomo kwa pamba yenye maji. Alimpunguzia dawa iliyomlegeza alipotaka kuendelea kuongea, akamwongezea alipochoka.

Vivuli vya miti nje vilipoanza kurefuka, vidole vya Nkwabi vilikaza mara moja, vikaachia.

Kivuli kiliendelea kidogo na sentensi yake, kisha kikasita.

"Amekwenda?" kiliuliza. "Mimi siwezi kuhisi."

"Amekwenda."

"Alikuwa na hofu?"

Atuganile alifikiri. "Hapana. Mkono wake haukuwa na hofu."

"Asante kwa kuja," kivuli kilisema, kwa upole uleule ambao Atuganile huwapa ndugu wa marehemu mlangoni, na akaona ni kweli, kati yao wawili, mfiwa hakuwa yeye.

* * *

Gari lilimshusha Luvumba asubuhi ya siku ya tatu. Ezekia alikuwa amesimama barazani bila koti jeupe, na kabla hajafungua mdomo Atuganile alikuwa ameshatazama dirisha la wodi. Kitanda cha Sikudhani, chini yake, kilikuwa kimetandikwa.

"Jana," Ezekia alisema. "Alfajiri alianza kubanwa. Nilifanya kila kitu ulichonielekeza, na kivuli kiliniongoza hatua kwa hatua. Hakuna kilichokosewa, Dokta. Hata wewe ungekuwepo..." Hakuimaliza.

"Alikuwa na nani?"

"Mimi nilikuwa na mtungi. Wenzake walikaa vitandani mwao. Na ukuta."

"Aliuliza habari zangu?"

Ezekia alisugua viganja. "Aliuliza uko wapi. Kivuli kikamwambia uko njiani, unakuja."

Atuganile alipanda ngazi, akaingia. Wazee walikuwa wakiongea na kioo. Mmoja alikuwa akicheka kwa shida, mkono kifuani, na kivuli kinacheka naye. Walipomwona walinyamaza kwa adabu, wakamwamkia, wakamwuliza habari za safari. Alizijibu. Kisha aliona macho yao yakielekea ukutani na kurudi kwake, yakingoja kwa heshima amalize shughuli zake.

Alikwenda akakaa kwenye kitanda kilichotandikwa. Shuka lilikuwa limevutwa vizuri, limekunjwa pembeni kijeshi. Si Ezekia aliyefanya hivyo, ni mmoja wao.

"Nilikuwa njiani kweli," alisema, bila kumlenga mtu.

"Tunajua, Dokta," akajibu mzee wa kitanda cha pili, bila lawama.

Alikaa mpaka ukungu ulipoanza kupanda bustanini. Halafu akainuka, akanawa mikono, akaenda kitanda cha kwanza upande wa mlangoni, akavuta kigoda.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Naitwa Atuganile. Hebu nieleze ulikozaliwa."

Mzee alimtazama kwa mshangao. Akatupa jicho ukutani, kama mtu anayeomba ruhusa, kisha akaanza kumweleza.